Mguu Uliopumzishwa

Siku ya pili ya matanga ya mama mdogo wangu, Bi Zuwena, nyumbani kwake Hail, mtaa wa Maskati, aliingia mwanamke nisiyemjua. Alivua viatu mlangoni, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma juzuu zao, akaja mpaka mbele tulipokaa sisi wafiwa. Mie nilimtazama miguu kabla sijamtazama uso. Hiyo ni tabia yangu mbaya na sina haja ya kuificha: mtu akiingia mahali namtazama anavyokwenda, na akiwa anakwenda sawa namwonea kijicho, ingawa nna miaka sitini na wajukuu watatu. Huyu alikuwa anakwenda sawa mno. Mabega yake yako mstari mmoja, abaya haipandi upande, hakuna kuchechemea wala nini. Akainama, akanipa mkono, "Makiwa," kisha akakaa chini kwenye zulia bila ya kushika ukuta, jambo ambalo mie sijalifanya maisha yangu yote ya utu uzima. Akaniangalia usoni. "Raya, hunijui? Mie Nasra. Kitanda cha pembeni."

Wanawake waligeuka, si kwa jina lake, bali kwa Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha Unguja hasa, lakini cha mtoto wa miaka kumi na moja. Nasra ni mtu wa ndani, wa vijiji vya milimani, kwao hakuna aliyewahi kusema neno la Kiswahili. Alijifunza kwetu, wodini, mwaka ule tuliolala hospitali, na baada ya hapo hakupata wa kusema naye sana, basi lugha ikabaki pale pale ilipoachwa. Kwa Kiswahili hicho akawaambia watu wote waliokaa: "Mama huyu alinipa kula mie. Mie nlikuwa sina mtu. Yeye kila siku anakuja, anampa Raya, ananipa na mie. Na Raya mguu unamuuma, yeye anamwondolea ule uzito, anamkanda, anampumzisha. Mama mwema sana." Zikaitikia sauti ukumbi mzima, Mwenyezi Mungu amrehemu, amlaze pema, na shangazi mmoja akaanza kulia upya. Na mie nikaitikia amina. Lakini ndani nlikuwa nachemka, kwa sababu kule kuniondolea uzito, ambako Nasra alikusifu mbele ya watu, ndiko kulikoniacha na kiguru mpaka leo.

Sitaeleza tulitoka vipi Unguja wala tulifikaje Maskati. Hayo yameshaelezwa na watu wanaopenda kueleza, na kila nyumba ya kwetu ina bingwa wake. Itoshe kwamba nilikuwa nakaa kwa Mamdogo, kwamba yeye hakujaaliwa mtoto, na kwamba nilianguka kwenye ngazi za dari nikavunjika paja la kushoto. Akaitwa mzee mmoja wa Matrah mwenye sifa ya kuunga mifupa. Akanifunga kwa makuti yaliyochongwa na vitambaa vya ute wa yai, nikalala siku arobaini, na nilipofunguliwa paja lilikuwa limepinda upande wa nje kama upinde. Ndipo nikapelekwa hospitali. Daktari wa mifupa, Mmisri mrefu mwenye haraka, akasema mfupa lazima uvunjwe tena, kisha uvutwe mpaka unyooke, kisha utiwe plasta. Alimwambia hayo Ami Seif, mume wa Mamdogo, kwa Kiarabu cha mbio, wamesimama ukumbini. Ami akawa anatikisa kichwa kama wanavyotikisa wanaume wasiotaka kuonekana hawakufahamu. Mamdogo alipomuuliza kasema nini, akajibu, "Kasema mambo mazuri, inshallah." Huo ndio ufafanuzi wote tuliopata juu ya mguu wangu.

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda kumi na viwili, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka nusu na juu yake nyeupe, na madirisha yametazama jabali. Hakuna bahari, hakuna barabara, jiwe tupu. Feni tatu zilikuwa zinazunguka na moja katika hizo, ile ya juu yangu, ilikuwa inatoa mlio kila mzunguko, nami niliuhesabu mpaka nikachoka kuhesabu. Kitanda changu kilikuwa kimeinuliwa miguuni kwa vigogo viwili vya mbao, kwa hivyo damu yote ilikuwa inateremka kichwani. Chuma kimepitishwa chini ya goti, kimetoka huku na huku. Kutoka kwenye chuma kamba, kamba imepita juu ya kapi kwenye fremu ya kitanda, na mwisho wa kamba imening'inia mifuko ya turubai iliyojaa mchanga. Mifuko ile inavuta mchana na usiku. Huwezi kugeuka ubavu. Unalala chali na kuitazama, nayo inatikisika kidogo kila mtu akipita.

Kukipambazuka huja Sista Lila na beseni la maji ya vuguvugu. Alikuwa Mhindi mwembamba, nywele zake zinanuka mafuta ya nazi, na Kiarabu chake kilikuwa cha kazini, maneno machache yaliyofungwa pamoja kwa nguvu. Alitufuta uso, kwapa, vidole vya miguu, kisimamo kimoja kila kitanda, hana mchezo. Kisha anatazama visigino kama vimeanza kuchubuka. Kisha anasafisha mahali chuma kilipoingia, kwa spiriti na shashi, na hapo nilipiga kelele kila siku ya Mungu, na yeye kila siku ya Mungu hakuacha kufanya kazi yake wala hakusema pole. Halafu huja chai ya maziwa katika vikombe vya plastiki, yai la kuchemsha na mkate mkavu. Adhuhuri wali mweupe, kuku aliyechemshwa akapoteza rangi, na supu ya adesi, vyote katika sahani moja ya bati yenye vyumba vyumba. Nikiwa nimetoka katika nyumba inayopika ndizi za nazi na mchuzi wa papa, niliiona sahani ile kuwa ni adhabu ya pili juu ya ile ya mguu. Nasra, kitanda cha pembeni, alikuwa anaimaliza yote na kuifuta kwa mkate.

Nasra alikuwa ameanguka kutoka juu ya punda. Paja lile lile la kushoto, chuma kile kile, mifuko ile ile. Tuliingizwa wiki moja. Babake alimleta kwa Landrova mwendo wa siku nzima, akasimama karibu na kitanda chake kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha maji, akamwambia kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Sista akisema usijitikise, usijitikise. Mtu yeyote akitaka kukugusa, mwambie baba kakataza." Akaondoka. Alirudi mara mbili tu mwaka ule. Nilimwona yule mtoto anavyoikodolea macho milango yote saa za wageni, na nilimhurumia, na niseme kweli, nilijiona bora. Mie nlikuwa na watu.

Na watu wangu walikuja! Saa kumi ikigonga, buibui la Mamdogo linaingia kabla ya mtu mwingine yeyote, mkono mmoja kikapu, mkono mwingine dabba la chakula lenye sahani tatu. Mkate wa kumimina, sambusa, katlesi, siku ya Ijumaa biriani. Anagawa nusu kwangu, nusu kwa Nasra, anamfundisha na majina: "Sema katlesi. Sema ahsante mama." Na siku za mwanzo alikuwa anakaa kunitazama na machozi yanamtoka, kwa sababu nililia. Misuli ya paja ilikuwa inashikana na kukakamaa, na mifuko inaivuta kinyume chake, nayo ni maumivu ambayo sijayapata tena hata katika uzazi. Siku ya nne au ya tano nilimwambia, "Mamdogo, niondolee. Kidogo tu." Mie ndiye niliyesema. Naliandika hapa kwa sababu halikuandikwa popote.

Akatazama huku na huku. Akavuta kiti mpaka miguuni pa kitanda, akakaa, akatandaza buibui lake, akainyanyua ile mifuko akaiweka mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Mguu wangu ukashuka. Sijui nielezeje raha ile. Mwili mzima uliteremka kitandani, nikasikia mpaka meno yameachana. Kisha akatoa chupa ya mafuta ya karafuu chini ya dabba na kuanza kunikanda, kuanzia nyonga mpaka gotini, polepole, anasoma na kupuliza. Kwetu mgonjwa hukandwa. Mwanamke akizaa hukandwa, mtoto akiteguka hukandwa, mzee akilala siku tatu hukandwa. Mguu kulala siku tisini bila ya mkono wa mtu juu yake, kwa Mamdogo hilo halikuwa tiba, ilikuwa kuususa. "Mguu wa mtu si kamba ya kuanikia nguo," alisema. "Watavuta mpaka wang'oe." Akamgeukia Nasra, "Na weye nkupumzishe, mama?" Nasra akatikisa kichwa. "Baba kakataza." Mamdogo akacheka, "Mtoto wa ndani huyu, mgumu kama jabali!" Akampa sambusa nyingine.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu, saa nzima kila jioni, na siku nyingine zaidi. Kila Jumamosi daktari alikuja na utepe wa kupimia. Anapima kutoka mfupa wa nyonga mpaka kifundo, mguu wa kulia kisha wa kushoto, anataja, Sista Lila anaandika. Nasra alikuwa anasogea, kila wiki mguu wake mfupi unaukaribia mrefu. Mie nimesimama pale pale. Daktari akaamuru mfuko uongezwe. Mfuko ulipoongezwa maumivu yakaongezeka, nami nikazidi kumlilia Mamdogo, naye akazidi kunipumzisha, saa moja ikawa saa moja na nusu. Jumamosi inayofuata, bado. Mfuko mwingine. Nikikumbuka sasa natamani niingie katika ile wodi niwapige kofi wote watatu, daktari, Mamdogo na yule mtoto aliyelala, yaani mie mwenyewe. Kila mmoja alikuwa anafanya bidii yake yote, na bidii ya kila mmoja ilikuwa inamharibia mwenziwe, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwingine swali moja.

Samahani, Sista Lila aliuliza. Niliwasikia yeye na daktari wanabishana karibu na meza ya dawa. Daktari alikuwa anasema mifuko haikutundikwa sawasawa usiku, na yeye anasema, "Mie natundika, mie naangalia, kila saa mbili." Jioni ile alibandika karatasi kwenye fremu ya kitanda changu, imeandikwa kwa Kiarabu: Usiguse. Mamdogo akaisoma, maana kusoma anajua. "Usiguse, anaambiwa nani? Mie si mtu wa kugusa, mie mamake." Akaketi akaipakata mifuko kama kawaida, karatasi iko juu ya kichwa chake.

Asubuhi ya pili Sista alipomaliza kunifuta hakuondoka. Alichukua penseli mbili kutoka mfukoni, akaziweka juu ya kifua changu zimepandana, ncha ya hii juu ya ncha ya ile. "Huu mfupa wako." Akazivuta taratibu mpaka zikatazamana, mwisho kwa mwisho. "Uzito unafanya hivi." Kisha akaziachia zikapandana tena. "Ukiondoa, hivi. Kila siku nafanya, kila siku mtu anavunja. Nani?" Nilifahamu. Hilo ndilo linalonikera, nilifahamu siku ile ile, sikuhitaji ukubwa wala shule. Nilizitazama zile penseli na nikajua kila kitu kuhusu mguu wangu, vizuri kuliko Ami Seif na tikisa-kichwa yake. Nikasema, "Hakuna mtu." Akamgeukia Nasra. Nasra, makombo ya mkate wa kumimina wa Mamdogo bado yako kwenye shuka yake, akasema, "Sikuona."

Kwa nini? Nimejiuliza nikiwa msichana, nikiwa mwalimu mbele ya darasa, nikiwa naendesha gari peke yangu kutoka Qurum. Sina jibu la maana. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa naisubiri saa kumi kuanzia asubuhi. Nilidhani muda uko mwingi. Nilidhani kesho nitamwambia Mamdogo asiondoe, na kesho ikifika paja linakakamaa, na mifuko inatikisika, na buibui linaingia mlangoni, khalas, nimeshasahau penseli.

Sista akaanza kukaa. Saa za wageni, badala ya kwenda kunywa chai yake, analeta kiti anakaa upande wa pili wa kitanda changu, mikono kwenye mapaja. Siku ya kwanza Mamdogo alivumilia. Siku ya pili aliniangalia ninavyolia na yeye hawezi kufanya kitu. Siku ya tatu alisimama wodini akapaza sauti, na Mamdogo hakuwa mtu wa kupaza sauti: "Ebo! Ananilinda kama mwizi! Mtoto analia, yeye kakaa kama sanamu, hana hata huruma!" Alikwenda nyumbani akamwambia Ami Seif hali wala halali mpaka yule mwanamke aondoke. Ami alikuwa na cheo kidogo serikalini na marafiki wenye vyeo vikubwa. Haikupita wiki akaja na mkuu wa hospitali, mtu mpole aliyevaa kilemba kizuri cha masari, wakasimama mbele ya kitanda changu. Sista Lila alikuwa kando, sinia la shashi mkononi.

"Mwanangu," mkuu akaniuliza, "Sista huyu anakuumiza?"

Nikamtazama Mamdogo. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nikasema, "Naam. Kila siku."

Haikuwa uongo, kwa sababu spiriti inauma. Mtoto hujua kuchagua ukweli wa kusemea uongo. Sista alilaza sinia kwenye meza yangu, akakaza fundo la kamba kwenye mfuko, la mwisho lile, akatoka. Alihamishwa wodi. Ipi, sikuuliza, na sikumwona tena. Aliyekuja badala yake alikuwa msichana mchangamfu aliyependa sambusa. Kuanzia hapo Mamdogo akanipumzisha bila ya hata kutandaza buibui.

Mfupa ukaungana. Daktari alisema umeungana, na umepandana, na hawezi kuuvunja mara ya tatu. Wakanitia plasta kutoka kiunoni mpaka vidole, miezi minne, joto la Maskati ndani ya plasta, nakuna kwa kijiti cha mshikaki. Nasra naye kitanda cha pembeni na plasta yake. Ndipo alipojifunza Kiswahili hasa, hatukuwa na kazi nyingine. Tukagombana, tukapatana, tukacheza karata juu ya ubao. Tukatolewa plasta wiki moja, tukapelekwa chumba chenye vyuma viwili vya kushikilia. Nasra alitangulia. Alisimama, akatetemeka, akatazama chini, nyayo zake zote mbili ziko sakafuni. Akacheka. Nikasimama mie. Unyayo wa kulia ulikuwa chini. Wa kushoto ulikuwa unaning'inia, umebakisha upana wa vidole viwili kufika chini, nikaunyoosha na kuunyoosha, nikidhani ni uzembe wa mguu tu, utafika. Haukufika. Mamdogo alikuwa mlangoni. Alipiga ukemi uliowatoa watu vyumbani. "Wamemharibu! Wamemharibu mwanangu! Yule mwanamke, Mungu atamlipa!"

Basi ikawa ndiyo hadithi ya mguu wangu katika nyumba yetu: Raya aliharibiwa na wauguzi. Ilisimuliwa kwa wageni, kwa wakwe, kwa mposaji mmoja aliyekuja akaniona ninavyokwenda akakumbuka ana safari. Kila nilipokwenda Ruwi kwa fundi anayenipandishia soli ya kiatu, Mamdogo alisema, "Mungu atamlipa yule," na mie nikasema, "Amina, Mamdogo." Nilitaka kumwambia. Nilijiandaa mara nyingi, maneno ninayo. Nikimwona anavyoniwekea mto chini ya mguu, anavyokata mkate na kunipa kipande cha kati, nasema, nitamuua mtu huyu kwa neno moja, ili iweje? Mguu utarefuka? Nikanyamaza. Nilikuwa najisifu kwa kunyamaza kule. Nilidhani ni zawadi yangu kwake.

Nilimsindikiza Nasra nje siku ile ya matanga, mpaka kwenye gari lake mbele ya nyumba ya jirani. Jua limeshapanda. Alipunguza mwendo ili twende sambamba, na hilo nalo likanichoma.

"Umekasirika," akasema.

"Kwa nini umesema vile mbele ya watu? Kuniondolea uzito. Hujui ndiyo iliyoniharibu mguu? Wewe hukukubali, tazama unavyokwenda."

"Najua. Mie nimefanya kazi kituo cha afya miaka mingi, nafunga vidonda, najua mifupa." Alisimama. "Lakini yeye amekufa, na alinipa kula. Nitasema nini mie? Nitasema uzuri."

Alifungua mlango wa gari, asiingie.

"Raya. Aliniuliza."

"Nani?"

"Mama. Alikuja kituoni kwetu, kidole chake cha mguu kina kidonda cha sukari. Zamani, miaka saba, minane. Kaona jina langu, kanijua. Yule dada wa Uganda, mfanyakazi wake anayemsukuma kwenye kigari, kamwambia katie gari kivulini. Tumebaki mie na yeye. Akasema, 'Nasra mwanangu, weye ulikuwa kitanda cha pembeni, ulikuwa ukiona. Mguu wa Raya, mie ndo nloharibu?'"

Nilishika bodi ya gari, ikaniunguza, nikaachia. "Ukamwambiaje?"

"Nikasema hapana, mama. Nikasema mfupa wenyewe tu mbaya."

"Akaamini?"

Nasra alitafuta neno, na katika Kiswahili chake kidogo hakulipata. "Mie nimepiga magoti namfunga kidole. Nikainuka. Alinitazama miguu. Huu, halafu huu. Muda mrefu. Akasema, 'Usimwambie Raya kama nimekuuliza.'"

"Na sasa unaniambia!"

"Sasa ameondoka. Nimemaliza kuficha." Akanikumbatia, akaingia garini, akaenda zake.

Nilibaki pale juani. Miaka saba, minane. Ni kweli, katika miaka hiyo Mamdogo aliacha kumlaani Sista Lila. Nilidhani ni uzee, kasahau. Na mie, nikiwa nimekaa naye jioni na nataka kumchangamsha, ndiye niliyekuwa nalianzisha. Nikipandisha mguu wangu juu ya kiti nasema, "Yule mwanamke wa hospitali, Mamdogo, Mungu atamlipa, sivyo?" Yeye anaangalia upande mwingine, anaomba maji, au anasema feni imezidi. Sijui nimemwambia maneno hayo mara ngapi. Nilimwambia hata Ramadhani iliyopita.

Ndani walikuwa wananiita nije nifunge hitima. Nilikuwa nimejaa hasira, na wa kumkasirikia tumeshamzika. Angeniuliza mie, ningemwambia. Ningesema, ndiyo, Mamdogo, na mie ndiye niliyekuwa nakuomba. Alikwenda kumuuliza mtoto wa watu, kwa sababu aliyekuwa anamwogopa ni mie.